Kulima giza

Baada ya siku tisa za kujenga na saa nzima ya kungoja, sanduku lilikuwa na mifupa miwili na mshale mmoja.

Nilikagua upya. Maji yalitiririka hadi ukingoni na kukomea pale pale nilipotaka yakomee. Shimo lilikuwa wazi. Ndani ya mnara giza lilikuwa kamili, hakuna mwenge niliousahau ukutani. Mawe zaidi ya elfu mbili, yote nimeyachimba mwenyewe kwa sururu, jioni baada ya jioni nikitoka kazini, na sasa mnara umesimama uwandani kama ghorofa lililokosa wapangaji.

"Anko, labda hawajajua tumefungua," mpwa wangu akasema.

Naomba msomaji asiyecheza Minecraft anivumilie kidogo. Ni dunia ya bloku iliyoanzia Uswidi; watu walianza kuicheza mwaka 2009 ikiwa bado inajengwa, na toleo kamili likatoka Novemba 2011. Hakuna anayekuambia la kufanya. Unachimba, unajenga, na usiku ukiingia wanatokea zombi, skeletoni wenye pinde, buibui, na kripa, yule wa kijani anayekusogelea kimya kisha analipuka. Ukiwaua wanaacha vitu: zombi nyama iliyooza, skeletoni mifupa na mishale, buibui nyuzi, kripa baruti. Unaweza kuwafuata porini mmoja mmoja na upanga. Au unaweza kujenga mahali watakapotokea wenyewe, wasukumwe, waanguke, na mali yao iingie sandukuni huku wewe unasonga ugali. Hapo ndipo tunaposema una shamba.

Mimi nilitaka baruti. Ukishapata mabawa ya elytra unaweza kupaa, ila kwenda mbali kunahitaji fataki za kukusukuma, na fataki tatu hutengenezwa kwa karatasi moja na baruti moja. Karatasi haina shida, unapanda miwa kando ya mto. Baruti ndiyo taabu. Kumfukuza kripa mmoja mmoja usiku kucha ili upate baruti moja, na pengine usipate hata hiyo, ni kazi niliyoifanya miezi miwili nikaichoka.

Mchana natunza stoo. Napokea na kutoa mizigo katika ghala moja kule Eneo la Viwanda, na miaka kumi na mmoja ya kuhesabu katoni imenifanya mtu wa kuandika. Hata vitu vya mchezoni nina kaunta buku yake: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja kukaa nami mtaa wa Zimmerman, Nairobi, likizo ya Novemba na Desemba, akingoja kuingia Gredi ya 6. Mchana alishinda kwa jirani wa mlango wa pili. Laptopu nilimwachia kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, na jioni tulikaa nayo pamoja.

Nieleze mnara ulivyokusudiwa kufanya kazi, maana kosa langu halionekani bila kujua hilo.

Maadui huzaliwa gizani. Zamani walihitaji mwangaza wa 7 au chini yake. Tangu toleo la 1.18, lililotoka mwishoni mwa Novemba 2021, wale wa kawaida wanahitaji mahali ambapo mwangaza wa taa ni sifuri. Mwenge una mwangaza wa 14 na hupungua kwa 1 kila bloku, kwa hiyo mwenge mmoja tu uliosahaulika unaua eneo kubwa la shamba. Pia hawazaliwi ndani ya bloku 24 kutoka uliposimama, na aliye zaidi ya bloku 128 kutoka kwako hufutika papo hapo. Yaani wewe mwenyewe ni kipuri cha mashine. Ukikaa karibu mno hakuna anayezaliwa, ukienda mbali mno hakuna anayebaki. Paa nililiweka bloku mbili tu juu ya sakafu, kwa sababu endamani, adui mwingine wa gizani, ana urefu unaokaribia bloku tatu, na sikumtaka: yeye hujihamisha kwa kufumba na kufumbua na kukuharibia mpango.

Kisha maji. Kwenye sakafu tambarare maji hutiririka bloku saba kutoka chanzo chake na kukoma, ndiyo maana mifereji ya minara hii huwa na urefu wa bloku nane, ukihesabu na chanzo. Hapa lazima nisimame kidogo. Katika Minecraft ukichimba shimo la bloku nne, mbili kwa mbili, ukamwaga ndoo moja pembe hii na ndoo nyingine pembe ya mkabala, unapata kisima kisichoisha. Unateka, kinajaa. Unateka tena, kinajaa. Mpwa wangu hakukijua kisima hiki. Siku ya kwanza alikuwa akirudi mtoni kwa kila ndoo, kwenda na kurudi, kwa sababu ndivyo anavyojua maji. Kwetu plotini yanakuja siku mbili kwa wiki, na siku hizo kila mtu anajaza mitungi hadi ya chini ya kitanda. Nilipomwonyesha kisima alikaa akiteka na kumwaga, akiteka na kumwaga, dakika kumi nzima, na sikumkatiza.

Mwisho ni kimo. Kuanguka bloku tatu za kwanza hakumuumizi mtu. Kila bloku inayofuata hutoa pointi moja ya uhai. Zombi, skeletoni na kripa wana pointi 20 kila mmoja. Kwa hiyo bloku 23 zinawaua, na bloku 22 zinawaacha na pointi moja, wamesimama mbele yako, ngumi moja tu inatosha. Ukiwaua kwa mkono wako unapata ile nuru ya kijani ya uzoefu. Wakijifia kwa kuanguka unapata vitu vyao tu. Bloku moja ndiyo inayoamua. Naupenda mchezo huu kwa hesabu za namna hii. Sheria yake haimpendelei yeyote na haibadiliki usiku, ukiielewa inakufanyia kazi.

Kwa hiyo nilikuwa na giza, maji na kimo. Nikapata mifupa miwili na mshale.

Jumamosi iliyofuata ilinyesha tangu asubuhi. Tulikuwa ndani ya chumba cha chini cha mnara, mpwa wangu ameshika laptopu na kuvaa hedifoni kwa sababu mvua ya mabati ilikuwa inazima kila sauti nyingine. Ghafla akaacha kubonyeza.

"Anko, kuna mtu analia chini."

"Chini wapi?"

"Chini ya miguu yetu. Zombi. Wengi."

Nikavaa mimi. Ilikuwa kweli. Mngurumo ule mzito wa zombi, mmoja, kisha mwingine, halafu mifupa ikigongana. Nilikuwa nimejenga siku tisa juu ya sauti hiyo na sikuisikia hata mara moja, maana usiku nacheza na sauti imezimwa, kuta za ploti ni nyembamba na majirani wanalala mapema.

Tukabonyeza F3. Kwenye toleo la Java, lile la kompyuta, kitufe hicho hufungua maandishi mengi kuhusu hali ya dunia yako, na humo kuna herufi M yenye hesabu ya maadui walio hai wakati huo. Ilikuwa inapanda na kushuka kati ya 68 na 71.

Hapo nikaelewa. Ukicheza peke yako, mchezo unaruhusu maadui wapatao 70 kwa wakati mmoja katika eneo linalokuzunguka, basi. Hauulizi wako wapi. Aliye pangoni anahesabiwa sawa na aliye shambani kwako. Nafasi ikijaa, hakuna mwingine anayezaliwa mpaka mmoja afe au afutike. Mnara wangu haukuwa na kasoro hata moja. Kasoro ilikuwa chini yake: mapango ambayo sikuwahi kuyaingia, yenye giza zaidi ya langu na sakafu pana kuliko zangu, yamechukua nafasi zote 70.

Video nilizojifunzia hazikunidanganya, ila nyingi ni za kabla ya toleo lile la 1.18. Zamani dunia iliishia kimo cha 0 upande wa chini. Sasa inashuka hadi hasi 64, na mapango yamekuwa makubwa kiasi kwamba ndani ya mengine unaweza kusimamisha jengo la orofa kumi. Mnara uliotosha kwenye dunia ile unashindana na wapinzani wengi zaidi kwenye dunia hii. Mpwa wangu naye alikuwa na matatizo yake: alijifunzia kwenye simu ya mama yake, toleo la Bedrock, ambalo sheria zake za uzazi ni nyingine kabisa. Jioni kadhaa tulibishana na baadaye tukagundua kila mmoja alikuwa sahihi kwa dunia yake.

Zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza, kushuka na kuwasha mienge kwenye kila pango lililo ndani ya bloku 128. Ya pili, kuhama. Mtoto alitaka ya kwanza. "Tusiuache huu, Anko. Tumeujenga." Nilimwambia hesabu haikubali: duara la bloku 128 kila upande, kwenda chini hadi mwisho wa dunia, ni mapango ya kuwasha hadi Pasaka. Tukahama.

Tulikwenda baharini. Uso wa bahari uko karibu na kimo cha 63. Nikisimama kimo cha 195, kila kilicho chini ya 67 kiko mbali nami zaidi ya bloku 128, na hapo ndipo bahari yote na mapango yote ya chini yake yalipo. Hakuna anayeweza kuishi huko nikiwa juu. Nafasi zote 70 zinabaki za sakafu zangu peke yake. Ubaya ni kwamba mchezo, unapotafuta pa kumzalisha adui, huchagua kimo kwa bahati kuanzia chini kabisa ya dunia hadi bloku ya juu zaidi ya mahali hapo. Ukijenga juu, majaribio mengi yanaangukia hewani na majini, yanapotea bure. Ndiyo maana wako wachezaji wanaochimba eneo zima, kuta kwa kuta, mpaka kwenye mwamba wa mwisho, wajenge shamba lao huko chini kabisa kusiko na pango wala kimo cha kupoteza. Nimeona picha za mashimo hayo na ninawaheshimu sana walioyachimba. Sisi tulikuwa na wiki tatu.

Safari hii sakafu zilikuwa nne badala ya moja, na ukingoni tukaweka vifuniko vya mbao. Hili ni jambo la kupendeza sana. Akili ya zombi inakihesabu kifuniko kilichofunguliwa kuwa ni sakafu. Anakiona, anaamini kuna pa kukanyaga, anatembea, anaanguka. Mpwa wangu aliuliza kama ni kosa la waliotengeneza mchezo. Nikamwambia miaka yote hii wangeshaliondoa kama hawalipendi.

Stima ilipotea mara mbili tukiwa katikati ya ujenzi, na betri ya laptopu yangu ya mtumba haishiki moto, tukapoteza kazi ya dakika chache kila mara. Lakini kilichotuumiza ni mchawi. Mchawi ana pointi 26, wala si 20. Akianguka bloku 22 anabaki na 7, na kabla hujajua ni nani amekwisha kukurushia chupa ya sumu. Niliua zombi kumi na moja mfululizo kwa ngumi mojamoja, nikazoea, wa kumi na mbili akawa yeye. Nikafa, na mabawa yangu yakabaki sakafuni kule juu. Vitu vilivyoanguka hudumu dakika tano ukiwa karibu navyo, kisha hufutika milele. Ukifa unaamka upya kitandani kwako, na kitanda changu kilikuwa pwani. Mpwa wangu alishika saa ya simu, mimi nikapiga makasia, nikapanda ngazi ile ndefu, yeye akihesabu kwa sauti, "Anko, mbili na nusu, Anko, tatu." Tulivipata vyote. Tangu siku hiyo simpigi mtu ngumi mle ndani kabla sijamtazama usoni.

Dada yangu alipiga simu jioni moja akamuuliza mwanawe tunafanya nini siku hizi. "Tunalima giza," akamjibu. Alipoelezwa zaidi akataka kuongea nami. Hakuwa amekasirika, alitaka kujua tu: kwa nini msipigane nao kama watu wengine? Si ni kuiba?

Nimelifikiria sana swali hilo, kwa sababu wachezaji wengi huulizana hivyo hivyo. Kwangu si wizi. Hatukuingiza programu ya nje, hatukubadilisha sheria hata moja. Tulichofanya ni kuzisoma: mwangaza, umbali, maji, kuanguka. Anayepigana porini kwa upanga anajua jinsi ya kumuua kripa. Aliyejenga shamba linalofanya kazi anajua kripa anazaliwa wapi, kwa nini, na anafikiri nini akiwa amesimama ukingoni. Ninaamini huyu wa pili ameujua mchezo kwa undani zaidi, na nitalisema mbele ya yeyote.

Lakini uko mpaka, na aliyenionyesha ni mtoto. Shamba la chuma hujengwa kwa wanakijiji watatu wanaofungiwa chumbani wakitazamana na zombi. Wakiogopa, jitu la chuma hutokea kuwalinda. Unaliua kwa lava, linaacha vipande vitatu hadi vitano vya chuma. Wakiogopa tena, jingine linatokea. Tulianza kulijenga Jumapili moja. Mwanakijiji wa kwanza alipomwona zombi akaanza kukimbia akijigonga ukutani, na mpwa wangu akauliza, "Atakaa hapo mpaka lini?" Nikasema, siku zote. Akavua hedifoni akaenda kukaa mlangoni. Tulimfungulia yule mwanakijiji, na chuma chetu tunachimba kwa sururu mpaka leo. Kripa ni adui, amezaliwa ili aje kwako. Mwanakijiji ana kitanda chake na kazi yake.

Shamba la baharini lilifunguliwa tarehe 20 Desemba. Vitu vinaanguka juu ya hopa, bloku inayomeza vitu na kuvipitisha mbele, na hopa hupitisha viwili na nusu kwa sekunde. Kuvipanga kila kimoja sanduku lake ndiko kulinifurahisha kama mtu wa stoo. Hopa ya kuchuja ina nafasi tano. Ya kwanza unaweka baruti 41, nne zilizobaki unaweka takataka moja moja ili kitu kingine kisiingie. Jumla ni 45. Baruti ya 46 ikiingia, alama ya redistoni, yaani umeme wa mchezo huu, hupanda kutoka 2 hadi 3, hopa ya chini inafunguka, baruti hiyo inashuka sandukuni, hesabu inarudi 45, mlango unafungwa. Miaka kumi na mmoja nimefanya kazi hiyo kwa kalamu.

Saa ya kwanza niliandika kwenye kaunta buku: baruti 71, mifupa 118, mishale 104, nyama iliyooza 140, nyuzi 33. Mpwa wangu aliomba aandike ile ya baruti yeye mwenyewe.

Hesabu ya mwisho wa mwezi ndiyo iliyonisumbua. Kila kitu kililingana isipokuwa makaa ya mawe. Kitabu kilisema 201, sandukuni kulikuwa na 104. Nilihesabu mara tatu. Makaa 97 yametoka bila kuandikwa. Nikamuuliza mtoto, akasema hajui, akaangalia viatu vyake. Sikumkazania. Aliondoka tarehe 3 Januari, dada yangu akamchukua asubuhi, na nyumba ikawa kimya kabisa.

Usiku huo nilirudi kwenye mnara wa kwanza, ule wa uwandani. Nilitaka kuubomoa nipate mawe yake. Nyuma yake nikakuta mlango mdogo wa mbao ambao sikuuweka mimi, na ngazi ya kushuka. Nikashuka. Chini kulikuwa na mwenge upande wa kushoto. Mbele yake mwingine, kushoto. Na mwingine. Alikuwa ameniambia mwenyewe mwanzoni mwa likizo: ukiingia pangoni weka mienge kushoto, ukirudi itakuwa kulia, hutapotea. Nilifuata mienge ile nusu saa nzima, pango baada ya pango, daraja za mawe juu ya lava, pembe ambazo mimi ningeziruka. Makaa moja na kijiti kimoja hutoa mienge minne. Mara 97 ni mienge 388, na zile zilikuwa ni saa mbili zangu za kila asubuhi nilizomwachia.

Nikarudi juu mienge ikiwa kulia. Nikaingia chumba cha chini cha mnara, nikabonyeza F3. Herufi M ilisoma 23, ikapanda 24. Nikavaa hedifoni, nikangoja. Chini hakukuwa na sauti yoyote. Kisha juu, mbali kidogo, nikasikia maji yakimsukuma mtu, na mbele yangu akaanguka zombi wa kwanza.